Gari Linapogonga Mguu wa Mbele

Mlio wa kugonga unaotoka chini ya gari upande wa mbele, ule ambao wenye magari huueleza kwa kifupi kwamba gari "linagonga chini", hutokana na jambo moja kwa asili yake, nalo ni kwamba vyuma viwili vilivyopaswa kushikana, au kutenganishwa na mpira, vimepata mwanya kati yao, na kila mzigo unapogeuka upande mwanya huo huzibika kwa ghafla na chuma kimoja kukipiga kingine. Kugeuka kwa mzigo ndiko kunakotoa mlio, wala si kuchakaa peke yake. Kifaa kilichokwisha kabisa lakini kikabaki kimesukumwa upande mmoja muda wote hukaa kimya, na kifaa kilicholegea kidogo tu, kikiwa mahali ambapo mzigo huenda na kurudi bila kupumzika, huweza kufanya kelele ya kumtia dereva hofu. Mazungumzo haya yanasimama juu ya msingi huo. Mlio huzaliwa gari likiwa limejibeba kwa magurudumu yake, likikimbia, likifunga breki na kukata kona, ilhali uchunguzi mwingi katika gereji hufanywa gari likiwa limesimama na gurudumu likining'inia hewani, na pengo kati ya hali hizo mbili ndilo linalofanya vifaa vizima vitupwe na kifaa kibovu kibaki mahali pake.

Katika magari madogo yaliyozagaa katika barabara za Afrika Mashariki, kama vile Toyota Probox iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2002, au Noah inayobeba familia na abiria wa mikoani, gurudumu la mbele hushikwa kwa mpangilio uliopewa jina la Earle MacPherson, mhandisi Mmarekani aliyejiunga na kampuni ya Ford mwaka 1947, na ambao ulijulikana Ulaya kupitia magari ya Ford Consul na Zephyr ya mwanzoni mwa miaka ya 1950. Uhodari wa mpangilio huo ni uchache wa vipande vyake. Shokapu, yaani bomba lenye mafuta linalozuia gari lisiendelee kurukaruka baada ya kupita shimo, husimama wima likiwa limezungukwa na springi, na ncha yake ya juu hufungwa kwenye bodi, chini ya boneti, kupitia kipande cha mpira na beringi kiitwacho mauntingi. Chini kuna mkono wa chuma unaoanzia kwenye fremu na kuishia kwenye gurudumu. Upande wa fremu mkono huo hushikwa na bushi mbili, ambazo ni vibomba vya chuma vilivyovikwa mpira ili mkono upande na kushuka bila chuma kugusa chuma, na upande wa gurudumu hushikwa na boljointi, kiungo kinachofanana na nyonga ya binadamu, chenye tufe la chuma lililokaa ndani ya kikombe kilichopakwa grisi. Tairodi huunganisha usukani na gurudumu. Zaidi ya hivyo ipo stabilaiza, fimbo iliyopindwa mfano wa herufi U inayounganisha upande wa kushoto na wa kulia kwa njia ya linki mbili fupi, ili gari lisilale mno linapokata kona.

Vifaa hivyo vyote, ambavyo kwa pamoja ndivyo miguu ya gari, huweza kugonga, na mlio wa kimoja hauachani sana na mlio wa kingine, hasa kwa kuwa bodi ya gari ni bati na bati husafirisha sauti. Dereva anayeapa kwamba mlio unatoka kulia mara nyingi huwa amedanganywa na sauti iliyopita kwenye fremu kutoka kushoto na kutokeza karibu na mguu wake. Kwa hiyo swali la "wapi", ambalo ndilo la kwanza kuulizwa, ni swali dhaifu, na swali la "lini" ndilo lenye nguvu: je, gari hugonga likipita juu ya tuta, au likiingiza gurudumu moja shimoni? Hugonga likifunga breki, au likianza kuondoka baada ya kurudi nyuma? Hugonga usukani unapozungushwa gari likiwa limesimama? Hugonga asubuhi na kunyamaza mchana, au kinyume chake? Fundi asiyeuliza maswali haya kabla ya kuchukua jeki hana budi kubahatisha, hata awe na mikono mizuri kiasi gani, kwa sababu kila jibu hutaja aina ya mzigo, na kila aina ya mzigo huelemea kifaa chake.

Barabara zenyewe, kwa ubaya wake, ni chombo cha uchunguzi ambacho mafundi wa nchi zenye lami laini hawanacho. Tuta linalovuka barabara nzima huyanyanyua magurudumu mawili ya mbele kwa wakati mmoja na kwa kimo kimoja, na hapo stabilaiza huzunguka tu katika mipira yake bila kujisokota, jambo ambalo huziacha linki zake bila mzigo wa maana. Shimo la upande mmoja, au kuingia barabarani kutoka uwanja wa nyumba kwa mshazari, hunyanyua gurudumu moja na kuliacha jingine chini, nayo stabilaiza hulazimika kujipinda na kuzivuta linki kwa nguvu. Rasta, ile mistari minene ya lami iliyopangwa mfululizo kabla ya matuta makubwa, haisogezi gurudumu kwa kimo kikubwa bali hulitikisa upesi upesi, na mitikisiko midogo ya namna hiyo huamsha mwanya mdogo uliojificha katika tairodi, katika mipira inayoshika boksi la usukani na katika mauntingi ya shokapu. Gari linalogonga kwenye shimo la upande mmoja na kunyamaza kwenye tuta limekwisha kumtaja mshukiwa wake wa kwanza, ambaye ni linki ya stabilaiza, hata kabla boneti haijafunguliwa.

Hata hivyo linki hiyo hiyo ndiyo inayowaponyoka wengi, na sababu yake inastahili kuelezwa kwa kituo. Jeki inaponyanyua upande mmoja wa gari, gurudumu la upande huo hushuka na kuning'inia, ilhali lile la pili hubaki limesukumwa juu na uzito wa gari. Tofauti hiyo ya vimo huisokota stabilaiza, na stabilaiza iliyosokotwa huzibana linki zote mbili kwa nguvu nyingi, kiasi kwamba tufe lililolegea ndani ya linki husukumwa upande mmoja wa kikombe chake na kukaa pale kimya. Fundi huishika linki kwa mkono, huitikisa, huiona imekaza, na kuitangaza kuwa nzima, kumbe kukaza kwenyewe kumeletwa na jeki yake. Linki inapaswa kukaguliwa magurudumu yote mawili ya mbele yakiwa kwenye kimo kimoja, na njia bora ni gari lisimame juu ya shimo la gereji likijibeba lenyewe, mtu mmoja alisukume na kulitikisa kwa ubavu, na mwingine aliye chini aweke vidole vyake juu ya kiungo, nusu ya kidole ikigusa tufe na nusu ikigusa kikombe. Vidole katika kazi hii hushinda macho na masikio, kwa kuwa mwanya ambao jicho haliwezi kuuona husikika kama pigo dogo chini ya ngozi.

Kucheza ndilo neno ambalo mafundi hulitumia kwa mwanya huo: boljointi inacheza, tairodi inacheza, beringi inacheza. Ili kutambua kipi kinacheza, gurudumu hunyanyuliwa, gari huwekwa juu ya stendi imara na magurudumu ya nyuma huwekewa mawe, kwa maana jeki peke yake haijawahi kuwa kitu cha mtu kulala chini yake. Kisha gurudumu hushikwa na kutikiswa. Vitabu vya ufundi vya Kizungu huelekeza mikono ishike saa kumi na mbili na saa sita, maelekezo ambayo kwa Mswahili huleta mkanganyiko wa bure, kwa kuwa mshale unaotazama juu kwake husoma saa sita, na ni heri kusema tu juu na chini. Gurudumu likicheza linaposhikwa kushoto na kulia, shaka huelekea kwenye tairodi; likicheza linaposhikwa juu na chini, shaka hugawanyika kati ya boljointi na beringi ya gurudumu, na mgawanyiko huo humalizwa kwa hila rahisi: msaidizi hukanyaga breki, nayo breki hulifunga gurudumu pamoja na chuma kinacholibeba, hivyo ikiwa mchezo umetoweka, kosa ni la beringi, na ikiwa umebaki, kosa liko nje ya beringi.

Kwa boljointi suala la mzigo hurudi kwa sura nyingine. Katika mpangilio wa MacPherson uzito wa gari hushuka kupitia shokapu na springi, na boljointi ya chini haibebi uzito huo bali huongoza tu gurudumu lisikimbie nje au ndani. Kwa sababu hiyo inatosha gurudumu lining'inie na mtaimbo mfupi uingizwe kati ya mkono na chuma kinachobeba gurudumu, kisha usukumwe kwa upole ili kuona kama tufe linapanda na kushuka ndani ya kikombe. Magari yenye mikono miwili, mmoja juu na mmoja chini, hayakubali hukumu hiyo ya haraka. Toyota HiAce, ambayo Dar es Salaam iliitwa kipanya na Kenya ndiyo sura ya matatu ya abiria kumi na wanne, katika matoleo yaliyozoeleka haitumii springi ya kuzunguka kwa mbele bali fimbo ndefu ya chuma inayojisokota kama kamba, na fundi sharti atazame kwanza nguvu ya fimbo au springi ya gari lolote la namna hii inaingilia mkono upi, kwa kuwa boljointi ya mkono huo ndiyo inayobeba uzito. Nguvu ikipitia mkono wa chini, jeki huwekwa chini ya mkono huo wenyewe, karibu na gurudumu, ili boljointi iondolewe mzigo. Jeki ikiwekwa kwenye fremu, mkono hubaki umesukumwa chini na boljointi iliyokwisha hukazwa na nguvu ileile iliyoiua. Kwa Land Cruiser za mfululizo wa 70, zenye ekseli nzima mbele, mazungumzo ni mengine kabisa: nyingi za kabla ya 1999 husimama mbele juu ya springi za bamba, na za baadaye juu ya springi za kuzunguka zikisaidiwa na fimbo ya mshazari inayozuia ekseli isiteleze ubavuni, na ni bushi za springi hizo au za fimbo hiyo zinazopaswa kushukiwa mwanzo.

Boljointi ndiyo sababu ya kutouvumilia mlio usiojulikana. Linki ya stabilaiza ikikatika, gari hulala zaidi kwenye kona na kuendelea na safari. Tufe la boljointi likichomoka kwenye kikombe chake, gurudumu hukosa kitu cha kulishika kwa chini, hupinduka chini ya bodi, na dereva hubaki ameshika usukani usioongoza chochote. Kelele ya chini na nzito, inayosikika kwa mwendo mdogo hasa wakati wa kukata kona na kufunga breki kwa pamoja, ikiambatana na tairi linaloliwa upande mmoja au mpira wa grisi uliochanika, haiwekewi ahadi ya mwisho wa mwezi.

Bushi za mkono wa chini hujitambulisha kwa breki. Gurudumu linapozuiwa ghafla, mkono huvutwa kuelekea nyuma, na bushi iliyopasuka mpira huuacha usogee mpaka chuma kigote. Gari likiondoka tena, mkono hurudi mbele na kugota mara ya pili, hivyo mlio mmoja wa kufunga breki na mlio mmoja wa kuondoka ni jozi inayoeleweka. Njia ya kulithibitisha hilo haihitaji kifaa chochote: mtu husimama kando, umbali wa salama, na kutazama gurudumu wakati dereva akienda mbele nusu mita na kufunga breki, kisha nyuma nusu mita na kufunga tena, na gurudumu litaonekana likihama ndani ya tao la madgadi. Mtaimbo hapa ni shahidi wa kutiliwa shaka, kwa kuwa bushi ni mpira na mpira huumbwa uchezecheze. Fundi mchanga akiisukuma bushi nzima kwa chuma cha urefu wa mita moja ataiona inasogea na kuihukumu kifo. Kinachotafutwa ni ufa unaoingia ndani, mpira ulioachana na chuma, au alama ya mng'ao pale chuma kilipokuwa kikigusa chuma.

Inafaa kukumbukwa pia kwamba mpira huzeeka kwa miaka na joto hata usipotembezwa. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi miaka minane tangu kusajiliwa kwa mara ya kwanza, lakini gari linaloshushwa Mombasa likiwa na miaka saba limekuja na bushi za miaka saba, hata kama kilomita zake ni chache na bodi yake inang'aa, na barabara ya vumbi humaliza haraka kile ambacho muda ulikuwa umekianza. Hata bushi mpya huuawa siku ya kufungwa kwake. Mkono ukifungwa na nati zake zikakazwa gurudumu likiwa linaning'inia, mpira hushikwa ukiwa katika pembe isiyo yake. Gari linaposhushwa, mkono hupanda na mpira hubaki umesokotwa usiku na mchana, ukisubiri kuchanika. Nati za bushi hukazwa kwanza kwa mkono tu, gari hushushwa lisimame kwa uzito wake, ndipo hukazwa mpaka mwisho. Kosa hili dogo, ambalo linaonekana katika gereji nyingi kwa sababu tu ni rahisi zaidi kukaza gari likiwa juu, huandikwa kwa jina la spea "feki" miezi michache baadaye, na muuzaji wa Gerezani pale Kariakoo au wa Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi hutukanwa kwa dhambi isiyo yake, ingawa dhambi zake mwenyewe nazo zipo.

Shokapu husingiziwa kuliko kifaa kingine chochote. Shokapu lililovuja mafuta hulifanya gari liyumbe na kurukaruka, lakini mara nyingi halipigi kelele, na kulibadilisha kwa bei yake kubwa ili kuondoa mlio ambao haukuwa wake ni hasara inayotokea kila siku. Kinachogonga katika eneo hilo huwa ni mauntingi ya juu ambayo mpira wake umekufa au beringi yake imekauka, au nati ya juu iliyolegea. Boneti hufunguliwa, msaidizi huzungusha usukani gari likiwa chini, na mkono huwekwa juu ya springi: ikiwa springi inakwama, kisha inaruka kwa mshtuko na kutoa sauti kama ya waya uliovutwa na kuachiwa, beringi ya mauntingi haizunguki tena. Hapa pia gari lililonyanyuliwa halisemi ukweli, kwa kuwa mauntingi isiyo na uzito juu yake huzunguka kwa hiari. Nati hiyo ya juu, ikumbukwe, haifunguliwi kamwe na mtu ambaye hajaibana springi kwa vibanio vyake, kwani ndiyo inayozuia nguvu yote iliyofungiwa humo isiruke.

Baada ya hayo hubaki wale wanaogonga na si wa miguu hata kidogo. Pedi za breki zilizopoteza vibanio vyake vya kuzikaza, au kalipa iliyolegea kwenye pini zake, hugonga kwenye vijiwe vidogo sawasawa na linki mbovu, na hutambulika kwa kugusa breki kidogo gari likiwa kwenye barabara hiyo hiyo mbaya: mlio ukinyamaza papo hapo, shaka iondolewe kwenye miguu. Mauntingi ya injini iliyokatika hugonga gia inapotiwa, hata gari likiwa limesimama. Kiungo cha ekseli kinachopeleka nguvu kwenye gurudumu hutoa mlio wa kukatika-katika unaofuata mzunguko wa gurudumu, usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho na mafuta yakikanyagwa. Nati za gurudumu zilizosahauliwa baada ya kuziba pancha, betri isiyofungwa, bati la kukinga matope lililoning'inia, na ile jeki ya akiba iliyolazwa bila kufungwa, vimewahi kugharimu bei ya boljointi mbili za watu wasio na hatia.

Wapo watakaosema kwamba linki za stabilaiza ni rahisi, basi zibadilishwe kwanza na mengine yafuate. Ushauri huo si wa kubezwa, mradi mwenye gari aambiwe waziwazi kwamba hiyo ni kamari ya bei nafuu na si uchunguzi; unapogeuka kuwa mnyororo, leo linki, kesho bushi, keshokutwa shokapu, gharama yake huzidi ile ya kulipia saa moja ya fundi anayeuliza na kusikiliza. Na gari likishatengenezwa, kimya chake ndani ya uwanja wa gereji hakithibitishi kitu. Hurudishwa kwenye barabara ileile, likiwa na mzigo uleule na watu walewale waliokuwamo mlio uliposikika, likapitishwa polepole kwenye lile shimo la upande mmoja, kisha kwenye tuta, kisha kwenye rasta, madirisha yakiwa wazi na redio ikiwa imezimwa.